Mji Kasoro Bahari, Nyumba Kasoro Kabati

Watu wa Morogoro tuna sifa moja ambayo hata mgeni aliyeteremka stendi ya Msamvu kununua maji ya kunywa ataisikia: mji kasoro bahari. Mlima tunao, mito tunayo, vyuo vikuu tunavyo, na enzi za wanamuziki Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah tuliichezesha nchi nzima. Kilichopungua ni maji ya chumvi tu. Sasa ingia ndani ya nyumba zetu, Kihonda au Mji Mpya, Mafiga au Bigwa, uulize kwa nini ndoo iko sebuleni na jembe limelala nyuma ya kochi. Jibu ni moja mji mzima: "Hatuna kabati."

Sikubaliani nalo. Sisi wa tambarare tunajua kutumia sakafu peke yake, basi. Ndugu zetu wa milimani Uluguru, ambao Mungu hakuwapa tambarare hata ya kuanikia mahindi, wanatumia chini, juu na ubavuni. Na sehemu ya nyumba usiyoitumia haikai bure. Inaajiri vumbi, kuvu na panya, na wote hao wanaripoti kazini mapema kuliko wewe.

Tena siku hizi muda wa kuficha fujo umekwisha. Zamani mgeni wa Dar alipiga simu akiwa Chalinze kwenye foleni ya malori, nawe ukadeki mpaka uani. Tangu treni ya SGR ianze safari Juni 2024, anafika chini ya saa mbili, hajachoka, na macho yake yanaona vizuri.

Basi tuhesabu kurudi nyuma, tuanze na ajali ndogo za madoa, kisha tufike kwenye nafasi zenyewe. Mshauri wangu ni shangazi, mkazi wa Mgeta huko milimani, ambaye hushuka mjini na magunia ya karoti na maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

9. Tope jekundu, shati jeupe

Masika imeanza, mtoto karudi kutoka shule na ramani ya kata nzima mgongoni. Kosa la kwanza ni kulisugua tope likiwa bichi; unalisindikiza ndani ya uzi kwa mkono wako mwenyewe. Liache likauke. Lipukute kwa brashi, nje, upande ambao upepo hauji kwako. Kisha maji baridi, kisha sabuni ya mche.

Kosa la pili ni kukimbilia jiki. Wekundu wa udongo wetu ni chuma kilichopata kutu, na jiki haina ugomvi na kutu. Mara nyingi doa linazidi kung'ang'ania. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza. Rudia kama doa lina kiburi.

Shangazi: "Kwetu shati jeupe analo padri tu. Na hata yeye anatembea taratibu."

8. Binzari iliyogeuka damu

Binzari ya manjano kutoka milimani haina masihara. Tone moja la mchuzi kwenye kitambaa cha meza, unalirukia kwa sabuni, na mbele ya macho yako doa la njano linakuwa jekundu la kutisha. Hapo ndipo watu huanza kutazamana na kumtafuta mchawi.

Hakuna mchawi. Rangi ya binzari hubadilika ikikutana na kitu chenye ukali wa magadi, na sabuni ni kitu hicho. Suuza vizuri, tia ndimu kidogo, wekundu utarudi kuwa njano. Njano yenyewe dawa yake ni jua: anika kitambaa kikiwa na unyevu, doa likitazama juu, kwa siku mbili tatu. Jua linafifisha rangi ya binzari kuliko poda nyingi za dukani. Jua lenyewe Morogoro halina bili, nasi siku zote tunalilalamikia.

7. Fenesi la Kinole

Msimu ukifika, mafenesi yanashuka kutoka Kinole na Matombo yakiwa na ukubwa wa kustahili kulipiwa nauli. Unanunua, unapasua kwa furaha, na baada ya dakika tano kisu, meza, vidole na mtoto mdogo vimekuwa kitu kimoja. Maji hayasaidii. Utomvu wa fenesi na maji hawasalimiani.

Mafuta ya kula ndiyo yanayouweza. Paka kisu na viganja kabla ya kupasua, tandika gazeti, na ukimaliza futa kwa mafuta tena kabla ya sabuni. Kisu ulichosahau kukipaka kitasafishwa kwa mafuta ya taa kidogo, kioshwe sana. Nimesema kisu. Nywele za mtoto ni mafuta ya kula, tafadhali.

Utomvu wa ndizi ni kesi nyingine. Ukiwa mbichi, ndimu na maji ya haraka vinaweza kuokoa kitu. Ukishakauka na kuwa kahawia hiyo si taka tena, ni rangi. Nguo ipandishe cheo iwe ya shamba.

6 na nusu. Sufuria iliyoungua

Haikustahili namba kamili, maana nyumba ambayo sufuria haijaungua ni nyumba isiyo na simu. Maji, kijiko cha magadi, chemsha kidogo, acha ipoe, ukoko utaachia. Lakini usilaze magadi usiku kucha kwenye sufuria ya alumini, yatailamba mpaka iwe nyeusi. Na kwa wanaopikia kuni: paka sabuni ya kipande au majivu mabichi mgongoni mwa sufuria kabla ya kuibandika. Masizi yatashika sabuni, nawe utayafuta kwa mkono mmoja. Huo ujuzi bibi zetu waliufahamu, nasi tukauacha tukanunua stili waya.

6. Jiki na dawa ya choo

Hapa utani unakaa pembeni kidogo.

Kuna watu wanaamini kuwa kama kitu kimoja kinaua vijidudu, viwili vitaviua mpaka ukoo. Wanamimina jiki, juu yake dawa ya choo yenye asidi, au siki, kisha wanainama kusugua mlango ukiwa umefungwa. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata jiki juu ya mkojo uliolala huleta hewa inayowasha macho na kukaba koo. Kwa hiyo mwaga maji kwanza, dawa baadaye.

Kanuni ni fupi: dawa moja kwa wakati mmoja, mlango wazi, na suuza kwa maji mengi kabla ya kuleta nyingine. Ukianza kukohoa, toka nje. Usibaki kumalizia kona. Hakuna mgeni aliyewahi kusifia kona ya choo.

Shangazi alipoelezwa haya alinyamaza, kisha akauliza kwa nini watu wa mjini wanajenga choo kisicho na dirisha halafu wananunua kopo la harufu ya maua. Sikuwa na la kumjibu. Mafundi wetu nao wajieleze.

5. Uvungu unaoulipia

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, nasi tukaona kuinama ni kazi, tukauachia vumbi. Sasa fanya hesabu. Chumba cha kupanga cha kumi kwa kumi kina futi za mraba 100. Kitanda cha tano kwa sita kinakalia 30. Kama kodi yako ni shilingi 50,000 kwa mwezi, uvungu peke yake unakugharimu 15,000, na mpangaji wake ni kiatu kimoja cha mwaka juzi.

Mwambie seremala akupandishie miguu ya kitanda, au weka vipande vya mbao imara chini ya kila mguu. Kisha usitupie vitu ovyo. Vipange kwenye masanduku ya bapa au kwenye lile begi la shangazi kaja, zipu ikiwa imefungwa, na kila kimoja ukifunge kamba ya kuvutia. Ukikifikia bila kulala kifudifudi, utakitumia. Usipokifikia, umekizika. Mablanketi ya Juni yakae huku, na nguo za watoto ambazo mdogo wao bado hajazifikia.

Kuhusu jina la hilo begi, shangazi mwenyewe ana malalamiko. Anasema yeye anakuja na gunia.

Kimoja tu kisikae uvunguni: mtungi wa gesi. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi inaongezeka, na wenye vyumba vidogo wanatafuta pa kuificha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inatambaa chini na kujikusanya kwenye vishimo na mivungu, ikisubiri kiberiti. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa inayopita mpaka chini, hata kama unaharibu mandhari ya jiko lako jipya.

4. Nyuma ya kabati, wale wachache walionalo

Unasukuma kabati mpaka likumbatie ukuta ili chumba kiwe kikubwa. Umeokoa nafasi ya kiganja kimoja na umefungua shamba la kuvu. Ukuta wa nje wakati wa masika unakuwa baridi na unyevu, hewa haipiti, na ifikapo Mei suti ya harusi ina nywele za kijani. Viatu vya ngozi ndiyo usiulize.

Rudisha kile kiganja. Kama una hiari, weka kabati kwenye ukuta wa ndani. Nguo zilizoshika kuvu zitolewe nje ndipo zipigwe brashi, usieneze kuvu chumbani. Zikae juani, kisha zifuliwe. Ndani ya kabati sugua kwa maji ya sabuni, acha milango wazi mpaka pakauke kabisa. Na nguo yenye jasho usiirudishe kwenye hanga eti utaivaa tena Jumapili. Jumapili itakuvaa yenyewe.

Juu ya kabati pia pana nafasi, ingawa kwa wengi ni makumbusho ya maboksi ya televisheni na redio zilizokwisha kufa. Tandika magazeti ya zamani, panga juu yake vitu vya nadra, na kila baada ya miezi michache kunja gazeti na vumbi lake, weka jipya. Hakuna kufuta, hakuna kupanda stuli na tambara bichi. Mlango nao una mgongo: misumari michache na kamba, mifagio na miavuli imepata makazi.

3. Darini, kwa wasio na ajira

Morogoro ndio mji pekee ninaoujua ambako panya anaweza kuwa na wasifu wa kazi unaokuzidi. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000, na baadaye kifua kikuu pia. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa, akapelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, mwaka 2021 akastaafu kwa heshima. Wewe bado unafuatilia mafao.

Panya wa darini kwako si wa ukoo huo. Yeye hajafundishwa kitu, na kazi yake ni gunia la mchele lililoegemezwa ukutani. Ukuta na gunia vikigusana unampa barabara, kificho na chakula kwa mkupuo mmoja. Nyanyua magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha ufagio. Nafaka ya kutumia kila siku iingie kwenye pipa la chuma au ndoo yenye mfuniko unaobana. Kisha zungukia nyumba na penseli. Tundu lolote ambalo penseli inapita, panya mdogo anapita pia. Ziba kwa saruji au wavu wa chuma. Ukiziba kwa gazeti atalisoma na kupita.

Sumu darini siipendekezi, na sababu yangu haina huruma yoyote: panya anafia katikati ya dari ya jipsam, mahali ambapo mkono haufiki, na harufu inakaa na familia wiki nzima. Mtego unaouona ni bora. Paka pia, kama hajaharibiwa na dagaa wa kununuliwa.

2. Ukuta, ambao Mgeta wanauita shamba

Panda Mgeta mpaka Nyandira utazame. Mteremko ambao mtu wa Kihonda angeogopa kuushuka kwa miguu umepangwa matuta juu ya matuta, kabichi, karoti, njegere, mpaka unajiuliza huyu mkulima anafungwa kamba na nani. Kwenye kona ya mwisho utakuta banda la mbuzi limenyanyuliwa kwa miguu ya miti, sakafu yake ya mbao zenye mianya. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliletwa huko miaka ya 1980 kupitia SUA. Mbuzi analala juu, mbolea inadondoka chini yenyewe, inachotwa kwenda kwenye matuta. Hakuna anayefagia. Huo uvungu unafanya kazi kuliko karani.

Lakini matuta yana historia yenye uchungu, na inatufaa ndani ya nyumba. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta mapana milimani, kwa nguvu na kwa faini. Sehemu nyingi ardhi haikuyapenda: kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba, mazao yakadumaa, na watu walikuwa wakichimba siku ambazo wangelima chakula. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Ila Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko na mkulima aliona faida yake mwenyewe, matuta yamebaki na yanaendelea kuchimbwa.

Rafu za jikoni zina siasa hiyo hiyo. Baba anarudi na msumeno Jumamosi, anapigilia rafu kwa urefu wake yeye, bila kumuuliza anayepika. Baada ya mwezi rafu ina betri zilizokufa na kofia, na sufuria zimerudi chini. Muulize mpishi kwanza: mkono wake unafika wapi, anachukua nini mara kumi kwa siku, nini mara moja kwa Krismasi. Cha kila siku kikae kati ya kiuno na macho. Cha Krismasi kiende juu. Chenye uzito kibaki chini, maana mtungi wa unga ukidondoka kutoka juu utaacha kuwa mjadala wa usafi.

Nje, ukuta unaendelea. Kichanja cha vyombo uani kinakausha kwa jua na kuua vijidudu bila malipo. Kitengeneze kirefu kiasi kwamba kuku asikifikie. Chini yake usiache dimbwi la mbu. Panda matembele, au peleka mfereji mdogo kwenye mgomba karibu na bafu, utakunywa maji yote na kukulipa mkungu. Penye jua weka viroba vya udongo na samadi, toboa ubavuni, panda mchicha na figiri kuzunguka. Kiroba kimoja kinakalia nafasi ya stuli na kinakupa mboga pande zote.

Hapa nilitarajia sifa kutoka kwa shangazi. Akatazama viroba vyangu, akatazama ukuta mzima uliobaki mtupu, akauliza, "Hivi vya maonyesho ya Nanenane?"

1. Paa

Eneo kubwa kuliko yote katika nyumba yako, usilolifagia, usilolipanga, na ambalo linatumika na kunguru peke yao. Nyumba nyingi za mjini Morogoro zina bati, chini yake watu wana majaba matupu, na mvua inaporomoka kutoka bati hadi mtaroni ikipita katikati ya hao wenye majaba.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba. Mjini tunapata kama milimita 800 kwa mwaka, hivyo juu ya kichwa chako zinapita lita 64,000. Toa sehemu ya tano ya kurukia pembeni na kukaukia batini, bado una zaidi ya ndoo 2,500 za lita 20. Upande wa mashariki wa mlima, kule Kinole, mvua ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Wao wakiweka gata watahitaji boti. Na mito ya mlima huu huu ndiyo inayoulisha Ruvu, ambao Dar es Salaam wanauoga kila asubuhi. Wameweka mabomba mpaka huko, wewe umeshindwa kuweka gata la mita kumi.

Namna yake si ngumu. Gata, bomba la kushushia, chujio la wavu mdomoni, simtanki juu ya msingi wa matofali. Tanki likae juu kidogo ili ndoo ipite chini ya koki. Wengi hulilaza chini, kisha wanakinga maji kwa kopo la Blue Band kwa miaka kumi. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa, maana inashuka na vumbi la kiangazi na kumbukumbu zote za kunguru. Funika tanki ili mbu wa dengue wasipate makazi. Maji hayo ni ya kufua, kudeki, chooni na kwenye viroba. Ya kunywa yachemshwe. Kwa kufulia ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, sabuni inatoa povu hata ukiinyima.

Kwa wapangaji mambo ni magumu zaidi, kwa sababu bati ni la mwenye nyumba, tanki umenunua wewe, na wapangaji wenzako wana ndoo. Zungumzeni kabla ya mawingu. Mwenye nyumba mwenye akili anakata kodi ya mwezi mmoja kwa ajili ya gata, linabaki kwake. Mwenye nyumba wa aina nyingine anapandisha kodi kwa sababu nyumba sasa ina maji, kwa hiyo andikeni.

Na fundi akiwa juu ya ngazi, simama chini umwangalie. Gata linatakiwa liinamie upande wa tanki lako. Wapo wanaolielekeza kwa jirani, na jirani wa namna hiyo hajawahi kulalamika.